Glasieri Iliyofukuzwa Kolwezi

Kolwezi nzima hakuna mutu anayenipita kupika pombe, isipokuwa mama mumoja, na yeye alinipita sababu ya glasieri. Sanduku ile ya plastiki, wazungu walikuwa wanatia barafu kwa kwenda pikiniki. Yeye aliitoboa chini, akaweka robine ya kufungulia maji na chujio, akamwaga ndani kimea na maji ya moto. Joto ilibakia mpaka kimea kilitoa utamu wote. Sufuria yangu ilikuwa inapoa haraka, na mi nalala na wivu.

Watu wa asili ya Kasai walipofukuzwa mujini, na yeye mumoja wao, nilimukuta ku gare ya treni, amekaa juu ya glasieri. Walewale waliopiga kelele "Baende kwabo!" walikuwa wanamulilia: "Mama, nani atatupikia?"

Nikapita katikati yao mpaka kwake. "Mama, uniachie glasieri. Ni ya hapa Kolwezi."

Akapiga-piga kifuniko. "Tata, hata mi nilizaliwa hapa. Kama mi niko mugeni, na yeye ni mugeni. Tunaenda wote."

Sasa wateja wake wote ni wangu. Wanaonja, wanaangalia ndani ya kikombe, halafu wananiuliza kama treni inarudishaka batu.