Kinanda Nilichotumwa Kukivunja

Mwaka niliopunguzwa kazi nilichukia hata watu wanaopiga mluzi. Nikiwa njiani kutoka Ikuti kwenda mjini Tukuyu, mtu akinipita na mluzi wake, nilimtazama kisogo mpaka akapotea kwenye kona, nikijiuliza ana nini cha kumfurahisha. Nyumbani mke wangu alikuwa na redio ndogo aliyoisikiliza akimenya ndizi. Siku moja nilizitoa betri zake nikazitupa chooni. Aliendelea kumenya. Watoto walikwisha kujifunza kuzitambua hatua zangu, na wakizisikia walitoka kwa mlango wa nyuma.

Nilikuwa fundi mitambo katika kiwanda cha chai. Niliingia pale kabla sijaoa, kazi yangu ikiwa kupaka grisi tu, kisha nikakabidhiwa mashine ya kusaga majani. Niliifahamu kama mtu anavyomfahamu ng'ombe wake. Kwa sauti peke yake nilijua beringi ipi imeanza kuchoka. Halafu tukaambiwa kiwanda kitauzwa, na wakaja wawekezaji. Siku hizo neno lile lilitamkwa kwa heshima kubwa. Walitembea mle ndani na viatu vyao safi, wakaandika walichoandika, wakaondoka. Baada ya wiki chache orodha ya majina ilibandikwa ukutani, chini ya upenu. Upepo ulikuwa ukiirushia mvua, na tuliisoma huku wino ukiteremka. Jina langu lilikuwamo. Hakuna aliyetuita akatuambia kwa mdomo.

Lakini orodha ningeweza kuisamehe. Kilichonichoma ni mashine. Walileta mpya, na ile yangu, iliyokuwa ikifanya kazi vizuri mpaka jioni yake ya mwisho, wakaikata kwa gesi iuzwe kama chuma chakavu. Nilisimama nje ya uzio na wenzangu, tukatazama cheche. Nilimwomba mlinzi kipande cha mkanda wa turubai wa ile mashine. Mlinzi yule tulikuwa tukila naye mchana, sahani moja. Alinirushia juu ya uzio bila kunitazama usoni. Nikaenda nacho nyumbani, nikakitundika kwenye msumari, na kila nilipokiona nilisaga meno. Nilisaga mpaka gego moja likapasuka.

Mke wangu ndiye aliyekwenda kwao Lupepo kumwona mzee mmoja wa kanisa. Baadaye alinieleza alichomwambia: kwamba nipewe kazi yoyote, hata ya bure, kwa sababu nikiendelea kukaa vile nitaiua familia bila kuigusa. Mzee akaja Jumamosi moja na mwavuli wake, akaketi, akazungumza habari za mvua na bei ya chai, kisha akafika kwenye shida yake. Usharika wao ulikuwa umenunua kinanda cha umeme, spika mbili na jenereta. Pembeni mwa kanisa kulikuwa na kinanda cha zamani, cha kukanyaga kwa miguu, kilichoachwa na wamisionari. Kilikuwa kimekufa. Mbao zake zilikuwa ngumu na nzuri, na wao walitaka meza za kuwekea spika.

"Kivunje tu, fundi," alisema. "Mbao ndizo tunazozitaka."

Nilikubali haraka kuliko ilivyostahili. Kwa miezi mingi nilikuwa natafuta kitu cha kuvunja.

Jumatatu asubuhi nilifika Lupepo na nyundo, msumeno na mtaimbo. Kanisa lilikuwa tupu, ukungu umeingia mpaka kwenye mabenchi. Nilikigeuza kinanda, nikakifungua mgongo, na nilichokiona kiliniudhi. Kilikuwa kimetengenezwa vizuri. Panya walikuwa wamezaa ndani yake, na mifuko ya ngozi inayovuta upepo ilikuwa imechanika, lakini kila kipande kilitoka mahali pake bila kulazimishwa. Vilimi vya shaba vinavyotoa sauti vilikuwa vimepangwa kwa safu, kila kimoja na nafasi yake. Aliyekitengeneza alimfikiria fundi atakayekuja baada yake. Kwenye mfuko mmoja kulikuwa na kiraka cha ngozi ya mbuzi kilichoshonwa kwa mshono mdogo mdogo, wa subira. Nikakaa chini, mtaimbo mapajani, nikaanza kuwatukana kimoyomoyo watu waliokiacha kife, ambao hata majina yao sikuyajua.

"Umeshaanza kuchinja?"

Mlangoni alisimama bibi mmoja mrefu, mkavu, amejifunga mashuka mawili kwa baridi. Nikainuka, nikampa shikamoo yake. Aliitikia upesi, kama mtu anayelipia njia apite, akaja mpaka kwenye kinanda akaweka kidole juu ya kile kiraka.

"Hiki nilikishona mimi," alisema.

Kiswahili chake kilikuwa na uzito wa Kinyakyusa, na alikisema polepole. Niliyapata mambo yake kidogo kidogo. Alikuwa msichana alipofundishwa kupiga na sista wa kizungu aliyekaa misheni. Sista alipoondoka alibaki yeye, akapiga kila Jumapili, kila harusi na kila msiba, tangu wazee wa kanisa wengi wa sasa wakiwa bado wanabebwa mgongoni. Mfuko ulipochanika aliushona. Ulipochanika tena zaidi, aliomba fundi, akaambiwa asubiri. Alisubiri miaka miwili. Jumapili moja alifika akakuta kijana amekaa mbele na kinanda cha umeme, spika zikikoroma, na mahali pake pamefunikwa turubai. Naye hakuambiwa na mtu kwa mdomo.

Aliponiambia hivyo nilikasirika, kwa ajili yake na kwa ajili yangu pamoja.

"Kabla hujakivunja," alisema, "nataka nikiage."

Nilimweleza kwamba hakina upepo, hakiwezi kulia.

"Kwani wewe si fundi?"

Sikuwa nimeitwa hivyo kwa namna ile tangu kiwandani. Mzee wa kanisa aliniita fundi kama mtu anavyomwita muuza duka bosi. Bibi yule aliuliza akitaka jibu.

Kesho yake nilishuka mjini Tukuyu, kwenye mtaa unaoitwa Bagamoyo, kwa mfanyabiashara wa vipuri vya baiskeli. Nilinunua gundi, na mipira ya ndani iliyochakaa akanipa bure. Nilifanya kazi siku tatu. Nilifukuza panya, nikasugua vilimi kimoja kimoja kwa mswaki, nikaziba mifuko kwa mpira. Kamba za makanyagio zilikuwa zimeoza. Nilizunguka nikitafuta kitu kigumu cha kuwekwa badala yake, na mwisho nikaenda nyumbani, nikatoa kile kipande cha mkanda msumarini, nikakichana vipande viwili, kimoja kwa kila kanyagio.

Siku ya nne bibi alikuja. Tatizo likawa magoti yake: hayakuweza tena kukanyaga. Basi nikapiga magoti sakafuni kando yake, nikayasukuma makanyagio kwa mikono, moja chini, jingine juu, naye akaweka vidole kwenye meno ya kinanda.

Nilitarajia wimbo wa kanisani, ambao ningeujua na kuuchoka. Alichokipiga sikuwa nimewahi kukisikia. Hakikuwa na maneno. Kilianza chini kabisa, sauti moja nene iliyopita kwenye mbao ikaniingia kwenye magoti kabla haijafika masikioni. Kisha sauti ya pili ikaja juu yake, ikatembea polepole, ikasimama, ikarudi nyuma kidogo kama mtu aliyesahau kitu nyumbani, ikaendelea. Ile ya chini haikuondoka. Nilikifahamu kile kitu. Ndivyo kiwanda kilivyokuwa kikivuma asubuhi mashine zote zikiwa sawa, hakuna beringi inayolia, hakuna mkanda unaoteleza, na mtu amesimama katikati hahitaji kufanya lolote ila kusikiliza. Nilikuwa nimeishi ndani ya mvumo ule miaka yote bila kujua kwamba ndio nilioupenda.

Alipomaliza niligundua kwamba taya langu limelegea. Meno ya juu hayakuwa yamegusa ya chini. Nilikuwa sijakaa hivyo kwa miezi.

Kisha nikakasirika upya. Nilikasirika kwamba kitu kama kile kilikuwa kimefunikwa turubai saa chache tu kutoka nyumbani kwangu, na mimi nikitupa betri chooni. Nilimuuliza jina la muziki ule. Alisema sista hakumwambia. Nikamuuliza jambo ambalo ndilo hasa nililotaka kulijua: aliachaje kuwakasirikia.

"Nani amekwambia nimeacha?" Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Hasira naiweka mkono wa kushoto, kwenye sauti za chini. Kule kuna nafasi. Ukiileta mkono wa kulia inaharibu wimbo."

Sikukivunja. Nilimtumia mzee wa kanisa salamu kwamba mbao ni ngumu, kazi inachukua muda. Kila nilipopata upenyo nilikwenda Lupepo asubuhi, yeye akapiga, mimi nikasukuma, kisha tukabadilishana: mimi nikaketi nikikanyaga mwenyewe, na yeye akanipiga vidole kwa kijiti cha mwanzi nikikosea. Nilikuwa mwanafunzi mbaya. Vidole vya fundi mitambo vimezoea spana. Lakini nikirudi nyumbani niliweza kula na watu. Siku moja nilinunua betri, nikaziweka kwenye redio ya mke wangu bila kusema. Aliifungua jioni hiyo, akapunguza sauti, akanitazama kwa pembe ya jicho mpaka alipoona sitafanya kitu.

Baada ya mwezi na kitu mzee alikuja kuangalia meza zake. Alitukuta tunapiga. Alisimama mlangoni hadi tulipomaliza, akaukunja mwavuli, akauliza mbao ziko wapi.

Nikalipuka. Nilimwambia mambo ambayo sikuyapanga. Nilimwambia kila wanachokiita cha zamani ni kitu ambacho hawakutaka kukitunza. Nilimwambia juu ya mashine, ambayo haikumhusu. Nyundo ilikuwa mkononi mwangu, na kweli sijui niliishika saa ngapi. Aliiona, lakini hakurudi nyuma.

"Vijana wanatuhama," alisema. "Kule barabarani limefunguliwa kanisa jipya, lina spika nne. Wanangu wawili wameshakwenda. Wewe ungefanyaje?"

Swali hilo nalo lilinikasirisha. Bibi alikuwa bado ameketi kwenye kinanda. Alimwambia mzee kwa Kinyakyusa, bila kupandisha sauti, kwamba mbao za meza zinapatikana msituni, akichukue kinanda mwenye kukihitaji. Mzee akafikiri, akasema kama ni hivyo kiondoke kabla ya Jumapili, maana jenereta linataka nafasi.

Kilibebwa Ijumaa na wanaume sita, kwenye miti miwili, kwa mteremko wa utelezi hadi nyumbani kwa bibi chini ya migomba. Mlango ulikuwa mwembamba. Nikachukua mtaimbo nikang'oa fremu yote na sehemu ya ukuta wa udongo, kwa nguvu ambayo wote waliishangaa, kisha nikakaa siku mbili nikirudishia.

Alipiga pale kwa miaka mitatu hivi. Majirani waliokwenda shambani walisimama kidogo na majembe yao, wakasema ndaga, yaani asante kwa Kinyakyusa, wakaendelea. Kiwandani sikuitwa tena. Nilianza kutengeneza mashine za kusagia nafaka za watu, leo hapa, kesho kule, na hasira yangu nilitembea nayo, ila nilijua pa kuipeleka.

Alipofariki, asubuhi ya mazishi uwanja ulijaa. Walileta spika. Mzee wa kanisa alinifuata nilipokuwa nimesimama peke yangu mlangoni kwa bibi, akanivuta kando. Aliomba tukitoe kinanda uwanjani, nimpigie bibi yule wimbo wake, hata kama ni mmoja. Alisema spika zitazimwa.

Nilimwambia hapana. Nilimwambia walikuwa na miaka mingi ya kumwomba mwenyewe. Akaitikia kwa kichwa, akaondoka, na bibi akazikwa kwa spika zikikwaruza, jenereta likizimika katikati ya wimbo na kuwashwa tena.

Jambo hilo ndilo nisilojisamehe. Hasira ile haikuwa ya bibi, ilikuwa yangu, na nilimnyima muziki wake kwa ajili ya kumkomoa mtu mwingine. Niliiweka mkono wa kulia, kama alivyonikataza.

Wiki iliyofuata nilikwenda kwa mzee, nikampigia hodi, nikamwambia aje kama bado anataka. Alivaa koti, akaja. Nyumba ya bibi ilikuwa baridi, moto haujawashwa mle tangu msiba. Alivua kofia, akaketi pembeni mwa kitanda kisicho na godoro. Nikapiga ule muziki usio na jina, wote, polepole, kwa vidole vyangu vya spana.

"Hapo katikati umekosea," alisema nilipomaliza.

Nikamwambia najua. Alibaki ameketi, kofia magotini, akitazama sakafu. Akauliza kama naweza kuanza tena pale mwanzo, kwenye ile sauti ya chini.