Filó, mshauri aliyekataa kushauri

Siamini bado. Tangu Jumatano naandika "marehemu Filomena", nafuta, naandika tena, nafuta. Homa ya siku tano tu imemchukua colega wangu wa mestrado, mwanafunzi mwenzangu, rafiki yangu, mtu aliyenifundisha kufunga mdomo.

Wanaonijua watacheka hapo. Mimi, Saida, na kufunga mdomo!

Kwa wasiomjua: Filó ni mtoto wa wakulima wa Pundanhar. Tulikuwa tunasomea pamoja mestrado, shahada ya pili ya ushauri nasaha. Masomo Pemba, mji wa hapa Msumbiji, mazoezi huku kwetu Palma, kwenye chumba cha kuazima nyuma ya shule. Kila Jumatatu wanakuja akina mama waliokimbia vita na kurudi.

Siku ya kwanza darasani profesa alitupanga wawili wawili tuigize. Filó mke mwenye shida nyumbani, mimi mshauri. Dakika ya pili nilishamwambia, "Mwache huyo mwanamume!"

Filó akaangua kicheko. "Epá, mana Saida, dada yangu! Hata jina lake hujaniuliza, umeshanipa talaka!"

Tukatolewa nje wote wawili. Urafiki ulianzia hapo, kwenye ngazi, tukila karanga zake.

Kanuni ya kwanza ya kazi yetu ni kwamba mshauri haamulii mtu. Anasikiliza, anauliza, anasubiri mwenyewe aione njia yake. Kwa Kireno, darasani, inaeleweka vizuri tu. Hebu njoo umweleze bibi wa huku.

Bibi mmoja (amenipa ruhusa nisimulie, tena amesema nisipunguze kitu) alitaka kujua kama arudi kwao Mucojo au abaki. Filó alimsikiliza saa nzima. Bibi akachoka.

"Mwanangu, nimeacha mihogo yangu juani nije kwa mshauri. Nishauri basi!"

"Bibi, mimi nipo nakusikiliza."

"Kusikiliza hata mbuzi wangu anasikiliza!"

Jamani! Filó aliyaandika yote kwenye relatório yake, ripoti ya mazoezi, neno kwa neno, pamoja na mbuzi. Mwezi mzima nilimwita colega Mbuzi, na alikuwa anaitika. Wiki iliyofuata bibi alirudi mwenyewe, bila kuitwa.

Baada ya hapo Filó alibandua karatasi ya "Ushauri" mlangoni. "Tunawadanganya hawa," alisema. Akabandika nyingine: "Karibu tukae."

Na kule Pemba alisimama mbele ya profesa akasema kazi hii sisi tunaijua kitambo. Kwenye matanga jirani anakuja, anakaa mkekani, hamwambii mfiwa afanye nini. Hiyo ndiyo ilikuwa dissertação yake, tasnifu ya shahada. Alibakiza sura moja.

Nje ya chumba kile, sasa, Filó alikuwa redio. Ukipokea áudio yake kwenye simu unaweza kuosha vyombo vyote hajamaliza. Nilimpenda kwa hilo pia.

Miongoni mwa waliokuja kukaa yuko mama mmoja. Sitamtaja jina wala kijiji. Miezi saba alikuja, akakaa, akaondoka bila neno. Mimi nilisema tunapoteza muda. Siku moja Filó hayupo nikambana kwa maswali, halafu nikampa na mawaidha juu yake. Wiki mbili hakuonekana.

Filó hakunigombeza. Alimfuata mpaka kwake, akakaa naye uani asubuhi nzima, wakachambua dagaa. Jumatatu mama akarudi. Niliona aibu ambayo sijawahi kumwambia mtu.

Ijumaa alipoanza kuumwa alinipigia simu, sauti imekauka. "Jumatatu fungua wewe. Yule mama akija, nakuomba, Saida, usimsaidie."

Nilicheka. Sikujua ni mara ya mwisho kucheka naye. Jumatatu hiyo nilikuwa pembeni ya kitanda chake, chumba kikabaki kimefungwa.

Tulimzika Alhamisi kwao Pundanhar. Mama yake alinishika mkono akaniuliza, "Hasa mwanangu alikuwa anasomea nini?"

"Kusikiliza watu, mama."

"Kusikiliza? Filomena? Huyu aliyekuwa anaongea hata na jembe?" Akacheka, kicheko cha kweli kabisa, sote tukacheka naye, kisha tukalia.

Njia nzima ya kurudi Palma nilikuwa naogopa Jumatatu. Nilijua neno langu moja la haraka lingemfukuza yule mama, na safari hii hakuna wa kwenda kumfuata.

Leo nimefungua.

Akina mama wote walishasikia msiba. Yule mama aliingia wa mwisho. Nilikuwa nimeandaa maneno mazuri ya kuwapa pole. Yalinipotea yote, nikakaa chini nikalia mbele yao. Profesa angenipa sifuri.

Halafu yule mama akaanza kuongea. Taratibu, kama anaongea na mkeka. Mdomo uliniwasha, Filó! Mara tatu nilikuwa na jibu zuri kabisa, mara tatu nikalimeza. Aliongea mpaka adhana ya adhuhuri, na hakuna aliyesimama.

Alichosema sitakiandika hapa wala popote. Wewe ndiye uliyemsubiri miezi saba, na wewe ndiye uliyestahili kukisikia. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Nakupenda, Filó. Lala kwa amani, mwenzangu. Amesema wiki ijayo atakuja amalizie, nami nitakuwepo.