Nilivyokagua Vyumba vya Watu Kigera

Tangu siku ile sijapita tena Kigera. Mimi na mke wangu tulitoka Bunda kwenda kutembea Musoma mwisho wa wiki. Kutafuta gesti ilikuwa kazi yangu, maana nilijigamba kwamba mji naujua.

Tulipofika mtaa wa Kigera, nikaona nyumba nzuri, geti wazi, viti vimepangwa uani. Nikajua gesti ndiyo hii. Mama mmoja akatoka mbio.

"Karibuni, tunawasubiri!"

Nikaomba kuona vyumba. Alishangaa kidogo, lakini akatuonyesha. Nilibonyeza magodoro kama mkaguzi wa serikali, nikasema mapazia yamepauka, nikauliza kama choo ni cha ndani.

"Kipo cha ndani, baba," alijibu kwa upole.

Tukaletewa ugali na sato. Mke wangu akaninong'oneza, "Gesti gani inapikiaga watu ambao hata chumba hawajachukua?"

Nikamwambia ale tu.

Ndipo gari likasimama getini, wakashuka wazee waliovaa suti. "Hodi! Sisi ndio upande wa kijana, tumekuja kuposa."

Yule mama akanigeukia, nami nimeshika kichwa cha sato.

"Sasa baba, ninyi ni akina nani?"