Tambi za Julai, Bila Jua

Shule niliishia darasa la pili, lakini unga wa ngano haujawahi kunishinda. Nasema hivyo bila kuona haya.

Miaka ya tisini tulikaa Majengo, Thika, mume wangu akifanya kazi kiwandani. Julai moja mama yake alikuja kutoka Mombasa kumchukua binti yetu akamlee. Kwao mjukuu wa kwanza ni wa bibi. Lakini nilimsikia pia akimwambia mwanawe kwamba mimi, Mkikuyu niliyesilimu juzi, nitamlisha mtoto irio mpaka asahau chakula cha kwao. Mume wangu akaendelea kufunga kamba za viatu. Mbele ya mama yake hakuwa na mdomo.

Nikamwomba mama mkwe anionyeshe kwanza tambi za mkono, habari ya mtoto tuizungumze tukishakula. Akakanda unga, akausokota kwa viganja ukawa nyuzi ndefu, akazianika uani juu ya ungo. Nilimwambia huku Julai hakuna jua. Akasema jua ni la Mungu, litatoka.

Halikutoka. Kufikia adhuhuri manyunyu yalikuwa yamezigandisha zote zikawa bonge moja. Mama mkwe akaingia ndani, akajilaza na kuugeukia ukuta.

Mimi sikulala. Nikalichukua lile bonge, nikaongeza unga, nikakanda upya mpaka ukawa laini kama ndewe ya sikio. Nikakata vipande kama maharagwe, nikageuza ungo juu chini, na kila kipande nikakikandamiza mgongoni mwake kwa kidole gumba huku nikikivuta. Kikajikunja kama kombe dogo, kikabaki na mistari ya ule ususi. Mashine ya tambi ya nini? Nikazitia mbichi kwenye maji yanayochemka, zikaelea, nikamwaga maji, nikaweka tui, sukari na iliki.

Mama mkwe akaangalia sahani.

"Hizi si tambi."

"Si za kwenu, mama. Ni za huku. Karibu ule."

Akala, akaongezwa, akala tena. Binti yangu alikuwa pembeni akilamba kijiko. Bibi akamtazama, kisha akaniuliza mwezi mzima ukipita hivi hivi bila jua nitafanyaje.

"Nitapika mbichi. Mtoto hatalala njaa akingoja jua."

Alimgeukia mwanawe, akamwambia akakate tiketi ya basi, moja tu. Kuniomba radhi hakuniomba, na sikuhitaji. Binti yangu alikulia Thika.