Niliwaambia Watu Kuwa Koko Ni Madamu Wangu

Nilimkana mama wa mama yangu. Sikumkana kwa hofu ya ghafla, kama mtu aliyewekewa kisu shingoni. Nilimkana kwa miaka miwili, mchana kweupe, hapa Johannesburg, akiwa amesimama kando yangu na masikio yake mazima. Msinipe pole. Naandika ili mnikasirikie, maana mimi mwenyewe nimejikasirikia mpaka nimechoka.

Kwetu Uvira, bibi tunamwita koko. Koko wangu alikuwa mzungu. Alizaliwa Norwe, mtoto wa fundi viatu, akaja Kongo akiwa na miaka ishirini na minne kufanya ukunga kwenye misheni. Jina lake la kwao liliwashinda watu, wakalikata, wakamwita Mama Bora. Akampenda mwalimu mmoja mweusi wa shule ya pale. Huyo ndiye babu yangu. Walipooana misheni ikamfukuza, na mama yake akamwandikia barua moja tu kutoka Norwe, kwamba tangu siku ile hana tena binti.

Akabaki. Alizalisha wanawake wa Uvira zaidi ya miaka arobaini. Alilima mihogo, alitwanga majani yake kupika sombe, aligombana na wauza samaki kwa Kifuliiru mpaka wakampunguzia bei. Alizika mume, akazika watoto wake watatu, mama yangu akiwa wa mwisho. Vita vilipotukimbiza tukalala chini kambini Burundi, na siku moja watu fulani wa ofisi wakaja kumwambia: wewe tunaweza kukurudisha kwenu, lakini huyu mjukuu hapana. Akawauliza, "Kwetu ni wapi?" Wakaondoka bila yeye.

Huyo ndiye niliyemkana.

Mwaka 2015, tukiwa tumeshafika hapa Johannesburg, tulikuwa watatu: mimi, koko, na binti yangu wa miaka sita. Mimi nasuka nywele saluni, Troyeville. Watu walipoanza tena kufukuza wageni, mwenye chumba wetu akaogopa nyumba yake isije ikachomwa, akatutoa. Nikazunguka Rosettenville siku mbili. Kila mlango swali ni lile lile, umetoka wapi, na nikisema Kongo chumba kimeshachukuliwa.

Siku ya tatu nilikwenda na koko kwa sababu sikuwa na wa kumwachia. Mwenye nyumba alikuwa mjane mmoja mwenye asili ya Kireno. Alipomwona koko akatabasamu, akafungua geti kabla sijasema neno. Kisha akaniuliza kwa Kiingereza, "Huyu ndiye madamu wako? Wewe ndiye unamtunza?"

Mimi ni mweusi tii, nimemfuata baba. Nilikitazama kile chumba, kina dirisha na jua. Nikasema ndiyo.

Wakati wa kurudi, tumesimama kwenye robot tukisubiri taa igeuke, koko akaniambia, "Kile Kiingereza nimekielewa."

"Koko, ni kwa ajili ya nyumba tu."

"Sawa. Iwe mara moja."

Haikuwa mara moja. Polisi wakinisimamisha, nasema nafanya kazi kwa huyu madamu, wananiachia. Kliniki tunapitishwa mbele. Nikanogewa. Nikaenda kununua ile sare ya buluu ya wafanyakazi wa ndani, na kitambaa chake cha kichwa, nikawa naivaa Jumamosi nikimtembeza. Nilikuwa natembea nyuma yake hatua moja, kama kijakazi. Yeye alikuwa anasimama ili nimfikie tuwe sawa. Nami nikimwona amesimama, nasimama. Basi tunaganda pale barabarani kama wajinga wawili, hakuna anayesogea, mpaka yeye achoke.

Nilikuwa na hasira, na bado ninayo. Hasira na wenye nyumba, na polisi, na mji huu unaotazama ngozi kwanza na kukusikiliza baadaye. Hasira ile ilikuwa ya haki, sitaikana nayo. Lakini wale walioniudhi sikuwagusa. Nilimtwisha mwanamke wa miaka themanini na kitu.

Nikamfundisha na mtoto: mbele ya mwenye nyumba, usimwite koko, mwite madamu. Siku moja yule mjane alikuja kukaa nasi kidogo. Binti yangu akamletea koko kikombe kwa mikono miwili, akasema, "Chai yako, madamu." Mjane akacheka, akasema mtoto ana adabu.

Alipotoka, koko aliweka kikombe chini bila kunywa.

"Mama yangu aliniandikia kwamba hana mtoto," akasema. "Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Nikakaa na lile neno mpaka nikalimaliza. Sasa wewe unalianza upya, na unamfundisha huyu."

Nikamjibu kwa ukali. "Unataka tulale wapi, koko? Wewe hawatakuchoma. Watatuchoma sisi."

Ndiyo, nilimwambia hivyo. Mtu aliyekataa kwao kwa ajili yangu. Habari ile hakuitaja tena.

Mwaka 2017, baridi ya Julai ikamshika kifua. Nilikuwa saluni alipoanguka. Mjane alisikia kishindo, akaita ambulansi, akapanda naye. Hospitali wakampa karatasi za kujaza, akazijaza kwa alivyojua. Alivyojua ni nilivyomwambia mimi.

Nilifika mchana, mafuta ya nywele bado mikononi. Mjane akamwambia nesi, "Huyu ndiye mfanyakazi wake. Msichana mzuri sana."

Nesi akasema, "Wodi hii tunaingiza ndugu tu, na huyu mama aliyemleta, jina lake limeandikwa hapa. Wewe subiri nje, dada."

Hapo ndipo nilipokuwa na nafasi yangu. Maneno mawili tu yalitosha: mjukuu wake. Lakini mjane amesimama pale, nami nikafikiria chumba. Nikasema, "Sawa, sista." Nikaenda kukaa kwenye benchi la nje.

Nilikaa masaa matatu. Kila mlango ulipofunguliwa nilimsikia anakohoa. Mwishowe nikainuka, nikamwambia nesi, "Mimi ni mjukuu wake. Mama yangu alikuwa binti yake."

Hakukasirika, alikuwa amechoka tu. "Dada, mchana hukusema hivyo. Hapa imeandikwa mfanyakazi wa ndani. Umekuwa mjukuu saa ngapi?"

Nikapiga kelele. Nikaugonga ule mlango, nikamwita koko kwa sauti. Akaja mlinzi, Mkongo mwenzangu wa Bukavu, akanishika mkono, akaniambia polepole kwa Kiswahili, "Dada, mimi nakuamini. Lakini leta karatasi. Kesho asubuhi wataniona nikikuingiza mwenyewe."

Asubuhi nikaja na karatasi zetu za ukimbizi, jina langu limeandikwa chini ya jina lake. Mjane alikuwa amekaa kwenye lile benchi. Koko alikuwa amefariki alfajiri.

"Hakuwa peke yake," akaniambia. "Nilimshika mkono. Alikuwa anasema neno moja, anarudia, anarudia. Mjukuu. Ni nini, mjukuu? Ni jina la mtu?"

Nikamwambia maana yake. Uso ukamwiva kwa hasira.

"Kwa nini hukusema? Ningetoka nikakupisha."

"Na chumba?" nikamuuliza. "Siku ile getini, ungenipa chumba?"

Sote wawili tulijua jibu. Nilitaka jibu lile linitetee, na halikunitetea. Maana chumba angenyimwa nani? Mimi. Na aliyelipia ni nani?

Tulimuaga kanisani kwetu, Troyeville. Nilisimama kusoma wasifu wake, Norwe, ukunga, Uvira, kambi, yote. Nilipofika kwenye "ameacha mjukuu," sikuweza kulisoma neno lile. Mama mmoja ambaye koko alimzalisha kwa mikono yake akaja mbele, akaniondolea karatasi mkononi, akamalizia yeye. Hakunitazama.

Nikahama Rosettenville mwezi ule ule. Tulilala chini kwa rafiki wiki mbili, kisha nikapata chumba Bertrams, kibovu, kwa jina langu na nchi yangu. Wiki mbili. Ndizo nilizokuwa naziogopa kwa miaka miwili.

Sasa nawaambia ninyi, mlioko hapa na mlioko popote. Wewe unayemtambulisha mama yako kama jirani kwa sababu ya lafudhi yake. Wewe unayemkanyaga mtoto mguu kwenye teksi asiongee Kiswahili. Usijidanganye kuwa ni mara moja. Wanaotufungia milango wana dhambi yao na watajibu wao, lakini wasikufanye umtoe mtu wako ili wewe uingie. Ukiulizwa huyu ni nani, sema. Mlango ukifungwa, na ufungwe mkiwa nje pamoja.