Nimekula Njiani

Watu wanaosafiri barabara ya kusini huniuliza wapi pa kula vizuri kuanzia Ukunda hadi Ramisi, nami huwajibu bila kufikiri. Biriani ya Ijumaa, nendeni kule nyuma ya msikiti Ukunda, lakini kabla ya saa saba, maana baada ya hapo rojo huongezwa maji. Samaki wa kupaka ni Gazi, kwa yule mama anayechoma kwa makumbi ya nazi. Sima na nyama ya kuchemsha ni Ramisi, wanakokula wakata miwa, kwa sababu mtu aliyeshika panga tangu alfajiri hadanganyiki kwa mifupa. Diani ufukweni mtakula pia, mkitaka kukaa kwenye kiti kizuri. Wananisifu kwamba naijua pwani yangu. Siwaambii nilivyoijua.

Niliijua kwa kumwinda mume wangu.

Mume wangu ni dereva wa gari la mikate. Hutoka Ukunda baada ya sala ya alfajiri, akagawa madukani mpaka Ramisi, akarudi laasiri. Mimi nauza mahamri na mbaazi barazani kwetu. Ikifika saa tatu nimeshauza, nimeosha masufuria, naanza chakula cha nyumbani. Kwa miaka kumi na minne nilimfunikia mume wangu chakula hicho kwa kawa, naye akirudi alikimaliza na kulamba vidole. Kisha, mwaka aliofariki mwenziwe aliyekuwa akimsaidia kushusha kreti za mikate, mambo yakabadilika. Alianza kukataa hata chai ya alfajiri, na laasiri akawa anarudi ameshiba.

"Nimekula njiani," alisema siku ya kwanza.

"Njiani wapi?"

"Huko huko."

Mwanamume akikataa chakula mara moja, huenda anaumwa. Akikataa wiki nzima na mashavu yananawiri, kuna mtu anampikia. Shoga yangu wa nyumba ya pili, ambaye hajawahi kuleta habari njema mlangoni kwangu, aliniinamia sikioni akasema, "Mwenzangu, mume haibwi chumbani. Huibwa jikoni." Kisha akaomba nimwongeze mbaazi.

Niliogopa, sitaficha. Mama yangu aliletewa mke mwenza kule Matuga nikiwa nimeshapata akili, nikaona alivyokuwa akipika kwa zamu, siku zake mbili, halafu siku mbili akikaa bila kujua mikono yake aiweke wapi. Hicho ndicho nilichokiogopa. Si kwamba mume wangu angelala kwingine, ila kwamba ningefunika chakula kisha nikifunue mwenyewe.

Basi nikaanza upelelezi. Mikono ya mtu haifichi kitu mbele ya mpishi. Alikuwa akinawa kwa sabuni, lakini chini ya sabuni nilinusa ng'onda, yule papa wa kukaushwa kwa chumvi na jua, ambaye harufu yake haitoki kwa mara moja. Kwenye mkono wa shati lake nilikuta tone la tui lenye bizari. Nililisugua kwa kidole. Tui la pakiti likikauka huacha unga. Hili liliacha mafuta. Aliyelikamua alikaa juu ya mbuzi akakuna nazi kwa nafsi yake. Nikasema, huyu mwanamke hana haraka, na hana uvivu.

Kesho yake saa nne nikavaa buibui nikaanza na Ukunda, kisha Diani, kisha kuelekea kusini, siku kwa siku. Kila mkahawa niliketi kwenye kona ya kuona jikoni. Nilimtazama anayepika, anayepakua, na anayecheka na madereva. Niliuliza kama wana ng'onda, na kila mahali nilijibiwa kwa kukunjiwa pua. Pale Diani mhudumu mmoja wa bara alinijibu kwa adabu, "Hiyo hatunanga, madam. Wageni hawataki hiyo smell." Akaniletea kipande cha samaki kilichomwagiwa kitu cheupe kama dawa ya tumbo. Nikakila chote, kwa kuwa nilishaagiza, na kwa kuwa nilitaka kumtazama vizuri dada wa kaunta. Alikuwa mrembo, lakini kucha zake zilikuwa ndefu kiasi kwamba hata kitunguu asingemenya. Nikamwondoa kwenye hesabu.

Gazi nilimshuku yule mama wa samaki wa kupaka kabla sijaonja. Nilipoonja nikamshuku zaidi, maana alipika vizuri. Niliketi kwake nikichambua samaki taratibu nikingoja gari la mikate. Likafika, likashusha kreti mbili dukani, likaondoka bila dereva kugeuza hata shingo upande wetu. Likarudi kutoka Ramisi mchana, nalo halikusimama. Nikamwomba mama wa watu radhi kimoyomoyo, nikaagiza samaki wa pili.

Jioni moja mume wangu aliniona sishiki tonge.

"Mbona huli?"

"Nimeshiba."

"Umekula wapi?"

"Huko huko," nikasema.

Akaniangalia kwa jicho nililolijua, kwa maana lilikuwa langu. Wali wa usiku ule uliliwa na kuku.

Ramisi wenye maduka waliniambia mikate hushushwa saa sita na dereva hakai hata kunywa chai. Ilibaki Msambweni. Nilikuwa nimekwisha kupanga kuzunguka mikahawa yote ya Msambweni, ya chapati na ya pilau, pale mume wangu aliporudi laasiri, akanitania kwa jambo nisilolikumbuka, akacheka. Katikati ya meno mawili ya mbele palikuwa na kipande cha jani la kijani kibichi kilichokoza.

Ulikuwa mchunga.

Mchunga hauuzwi mkahawani. Ni mboga ya kuokota shambani mvua ikinyesha, chungu kama shubiri. Huchemshwa, maji ya kwanza yakamwagwa, ukakamuliwa kwa mkono, ndipo ukatiwa tui zito na kipande cha ng'onda. Hakuna mwenye mkahawa atakayejisumbua hivyo kwa mpita njia. Mchunga hupikiwa mtu wako. Nikajua kwamba siku zote hizo nilikuwa nikitafuta mkahawa, kumbe ni nyumba. Nililia nikiwa naosha vyombo, nimefungulia maji kwa kasi asinisikie.

Siku ya pili sikuuza mahamri. Msambweni nilikwenda moja kwa moja kwenye duka linaloshushiwa mikate.

"Mwenye mikate ameshapita?" niliuliza.

"Ameingia kule ndani, mama," akasema mwenye duka, akinyoosha kidole kwenye njia ya mchanga. "Kila siku huchukua mkate mmoja akawapelekea watu wake."

Watu wake! Nilimshukuru vizuri, nikaifuata njia ile. Gari lilikuwa limeegeshwa chini ya mkorosho, kando ya nyumba ndogo ya udongo. Kutoka ndani nikasikia sauti ya mwanamke, laini, isiyo na haraka: "Kula, baba. Ongeza."

Sijawahi kuingia nyumba ya mtu bila hodi, ila siku ile. Niliingia na maneno tayari mdomoni, mabaya, niliyoyapanga tangu Ukunda. Mume wangu alikuwa mkekani, miguu ameikunja, mkono ndani ya sinia. Mkabala naye aliketi bibi kizee mwembamba, macho yote mawili yameingia utando mweupe, akimsogezea kipande cha ng'onda kwa vidole.

"Nani huyo aingiaye bila hodi?" bibi akauliza. "Mwanangu, nani huyo?"

Mume wangu aliniangalia. Nilitarajia hofu ya mtu aliyefumaniwa, lakini hofu yake ilikuwa nyingine. Alitikisa kichwa kidogo sana, akiniomba. Ukutani, kwenye msumari, lilitundikwa shati la buluu la watu wa mikate. La mume wangu alikuwa amelivaa mwilini. Ndipo nikakumbuka kwamba yule mwenziwe marehemu alikuwa mtu wa Msambweni, hakuoa, na alikuwa na mama. Mume wangu alikwenda kumzika. Mimi sikuwahi hata kuuliza mama amebaki na nani.

Maneno yangu ya Ukunda yakaniisha.

"Shikamoo, mama," nikasema. "Mimi ni mkaza mwanao."

Bibi akageuza uso kwenye sauti yangu. Kisha akampiga mume wangu kofi la gotini.

"Umeoa kwa siri? Umeoa, mimi mamako nisijue?"

Lilikuwa swali lilelile nililolibeba njia nzima. Mume wangu akafungua mdomo, akaambiwa anyamaze. Bibi akanivuta mkono, akanikalisha, akaanza kunipapasa vidole kimoja kimoja. Akayafikia makovu ya mafuta ya moto.

"Hii mikono ya mpishi," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Sasa mbona humlishi? Kila siku mwanangu hunijia na njaa ya mtu aliyefunga. Wallahi nimekuwa nikijiuliza, huko anakokaa anapewa nini?"

Nilimtazama mume wangu, aliyekuwa akikataa chai yangu kila alfajiri ili tumbo liwe na nafasi. Aliinamisha uso kwenye sinia. Mimi ninayelisha nusu ya mtaa wetu niliona aibu na hasira kwa pamoja, na nikataka kucheka pia.

"Simlishi vizuri, mama," nikasema. "Nimekuja unifundishe."

Nikala mchunga ule. Nakiri mbele ya Mungu kwamba ulikuwa mtamu kuliko wangu.

Tulirudi garini pamoja, kreti tupu zikigongana nyuma. Akanieleza. Baada ya arubaini ya mwenziwe alimpelekea bibi mkate. Bibi alisikia lile gari, saa ileile ambayo mwanawe alikuwa akipita kula kwake, akamwambia amechelewa, chakula kinapoa. Mume wangu akamwambia kweli. Bibi akalia kama kwamba msiba umeingia upya. Kesho yake alikuwa amesahau, akasikia gari, akapakua.

"Naye hali chakula mpaka mimi nile," akasema. "Nisipopita, hulala na njaa."

"Mbona hukuniambia?"

"Wewe hupendi uongo. Ungetaka nimwambie tena."

Ni kweli, ningetaka hivyo.

Tangu siku hiyo, kila Ijumaa nilikuwa nikifuatana naye. Nilijifunza kutomwaga maji yote ya mchunga, bali kubakiza kidogo ili uchungu usipotee kabisa. Bibi hakuacha kunishuku. Alionja kila nilichopika, akamega, akatia chumvi, akamwuliza mume wangu mbele yangu kama nampa chakula cha jioni. Nami sitasema kwamba wivu uliniisha. Kawa langu liliendelea kukaa bila kufunuliwa, na mwanamke mwingine, hata kama ni kikongwe asiyeona, ndiye aliyekuwa akimshibisha mume wangu. Nikisali nilikuwa nikiomba, chini kwa chini, siku moja arudi na njaa.

Alirudi nayo. Ilikuwa Jumanne, jua limeshainama. Alikuwa na mchanga kwenye magoti ya suruali. Alinawa mikono, akaketi mkekani, akafunua kawa mwenyewe, lakini hakuugusa wali.

"Nipakulie, mke wangu," akasema. "Leo sijala."

Nikasema inna lillahi kabla hajaniambia. Nikampakulia, nikaketi mkabala naye, nikatafuta kipande kizuri cha samaki nikamsogezea kwa vidole.

"Kula, baba," nikamwambia. "Ongeza."