Kipande Ndani ya Beseni

Rula yangu ya mbao, ile niliyoachiwa na baba pamoja na cherehani, ilivunjikia mgongoni mwa mdogo wangu asubuhi ya pili ya Idi. Aliyeishika alikuwa baba yetu mdogo. Ilipokatika aliitazama kidogo, kama mtu aliyedhulumiwa, kisha akaendelea kupiga kwa kipande kilichobaki mkononi.

Tuliishi kwake mtaa wa Kimisagara, vyumba viwili nyuma ya ua wake, mimi na wadogo zangu wawili, wote wasichana. Wazazi walikufa wakifuatana. Niliacha shule darasa la sita nikakaa kwenye cherehani ya baba, kwa kuwa lazima mtu akae pale, na mkubwa nilikuwa mimi. Hata pedi za wadogo zangu nilinunua mimi. Muuza duka aliponitazama, nilisema ni za mke wangu.

"Huyo mke hatumuoni," alikuwa akinitania, "lakini damu anayo."

Asubuhi ile nilimsikia yule mkubwa wa wasichana, aliyekuwa na miaka kumi na tisa, akipiga kelele bafuni. Mke wa baba mdogo alinitangulia. Alitoka na beseni la plastiki, akaliweka katikati ya ua, mbele ya wageni waliokuja kula pilau.

"Njooni muone," alisema. "Njooni muone Ramadhani yake!"

Ndani ya beseni, kwenye damu, kulikuwa na kipande cha nyama. Kingejaza kiganja, kipana juu na chembamba chini, kama mfuko wa shati nilioukata mwenyewe. Sikuwahi kuona kitu kama kile, wala sidhani kama mwingine pale uani aliwahi. Lakini wote walikuwa na jina lake.

"Ametoa mimba," alisema baba mdogo. "Ameua." Akanigeukia. "Wewe ndiye baba yao sasa. Mchape."

"Simchapi, baba mdogo."

"Mchape, watu wanatazama!"

"Watazame. Simchapi."

Ngumi yake ilinipata sikioni. Nilipoinuka alikuwa ameshachukua rula kwenye meza yangu, na alimfikia mdogo wangu mlangoni mwa bafu kabla yangu. Pigo moja lilimng'oa jino. Rula ilipovunjika ndipo nilipomlalia, na mapigo yaliyobaki nikayapokea mimi. Mdogo wetu wa mwisho alimrukia baba mdogo, akamng'ata mkono, akang'ang'ania mpaka akatupwa ukutani. Wageni walisogeza sahani zao.

"Leo leo atoke kwangu, muuaji huyu," baba mdogo alisema, akifuta mkono. "Asipotoka namkabidhi polisi."

Chumbani, akitema damu ya mdomo huku ile nyingine ikimshuka miguuni, mdogo wangu alitoa pakiti ya vidonge chini ya godoro.

"Sikuwa na mimba, kaka. Wallahi. Ni dawa."

Alivinunua famasi ili damu isije mwezi mzima, apate kufunga siku zote. Pale kwa baba mdogo, msichana aliyekuwa kwenye siku zake alikunywa maji amejificha nyuma ya jiko, na vijana wa nyumba walimvizia: "Leo nani yuko likizo?" Mwaka ule alitaka wakose wa kumcheka. Mwezi wa Idi ulipoandama, akaacha vidonge.

"Usiwaache waniite muuaji," aliniambia. "Mengine nitavumilia."

Nilimwamini, lakini kuamini kwangu hakungewanyamazisha watu wa uani. Nilikichukua kile kipande, nikakifunga kwenye kitambaa cheupe cha bitana, nikaita pikipiki mbili.

Dereva wa kwanza alimtazama mdogo wangu akaruka. "Sha, ndugu yangu, kiti changu!"

Nilivua kanzu yangu ya Idi nikaitandika. Njia nzima nilikuwa nyuma yao, kile kipande mfukoni, nikiitazama kanzu ikigeuka nyekundu.

Muuguzi wa kituo cha afya, mama wa makamo, alimpima mkojo, akamchunguza, akamwekea dripu. Ndipo akakifungua kitambaa changu.

"Hii haiko mtoto," alisema. "Hii iko utando wa ndani ya kizazi. Imetoka nzima."

Akanieleza polepole, nusu Kiswahili, nusu Kinyarwanda. Kila mwezi kizazi hujitandika kwa ndani. Homoni moja hujenga ule utando, nyingine huushikilia. Vidonge vilikuwa vikifanya kazi ya hiyo inayoshikilia. Ikiwepo, utando unasimama. Ikiondoka, mishipa inajikaza, utando unakosa damu, unafia pale pale ulipo na kuanza kubomoka. Kwa kawaida hutoka kidogo kidogo. Wa mdogo wangu ulizuiwa, ukanenepa, kisha ukaachiwa ghafla. Ukachanika wote kwa mara moja, kama bitana inayong'olewa kwenye koti.

"Kwa hiyo ndani kumebaki kidonda?"

"Kidonda kabisa. Lakini hapa tunavyoongea, chini yake kunaota upya, na hakutakuwa na kovu. Mbuzi hana hii, ng'ombe hana. Sisi tunayo, na nyani."

Mdogo wangu alicheka kwa mdomo uliovimba. "Baba mdogo angemchapa na nyani."

Nilimpigia baba mdogo, nikampa muuguzi simu.

"Mzee, mimba haikuwepo. Nimepima."

"Wewe ni nani, unifundishe dini?"

"Dini yako siijui. Nimeangalia tumbo."

Simu ikakatwa.

Tuliporudi alikuwa amesimama langoni, mkono umefungwa kitambaa.

"Nimesikia," alisema. "Basi aingie, yaishe."

"Ulimwita muuaji mbele ya wageni. Waite hao hao, uwaambie haikuwa mimba."

"Mimi? Nikusanye wanaume niwaeleze habari za wanawake?"

"Leo asubuhi uliwaeleza."

Kofi lake lilinipasua mdomo. Sikuinua mkono. Niliingia ndani, nikafungua skrubu za cherehani, nikaibeba begani. Wadogo zangu wakanifuata na godoro.

Ramadhani iliyofuata tulikuwa mtaa wa Niboye, chumba kimoja chenye mlango unaotazama barabara. Mchana mmoja mdogo wangu yule yule alikaa mlangoni pale, karibu na cherehani yangu, akila wali na maharage, sahani mapajani. Baba mdogo akatokea na mfuko wa tende. Alimwona, akasimama.

"Karibu, baba mdogo," alisema mdogo wangu, shavu limejaa. "Mimi niko kwenye siku zangu."

Neno hilo halikuwahi kutamkwa kwa sauti uani kwa baba mdogo. Aliangalia barabarani kama kuna aliyesikia. Kisha akaweka tende juu ya meza yangu, kando ya nusu ya rula niliyoendelea kupimia.

"Umewaambia?" nilimuuliza.

"Mambo ya zamani hayo."

"Umewaambia?"

"Bado."

Nilimrudishia mfuko mkononi. "Nenda ukawaambie. Siku hiyo tutakula tende zako."

Akaondoka akielekea njia panda ya Sonatubes, mfuko ukimpigapiga mguuni. Mdogo wangu alimtazama mpaka akapotea.

"Kaka," alisema, "ungebakiza hata mbili."

"Kula wali wako."